Supa Modo, Chhello Show au Cinema Paradiso: ipi uwaonyeshe vijana wa Malindi wanaopenda sinema?

Una kikundi cha vijana wanaoota kutengeneza filamu. Una ukuta mmoja mweupe na projekta ya kuazima ambayo mwenyewe anaitaka kesho asubuhi. Kwa hali hiyo huwezi kuonyesha filamu tatu, utachagua moja. Kila swali hili linapozuka Malindi, iwe ni walimu wanaouliza, wazazi au vijana wenyewe, majina yanayotajwa huwa yale yale: Cinema Paradiso ya Italia, Chhello Show ya India na Supa Modo ya hapa kwetu Kenya. Kila moja inamhusu mtoto aliyenaswa na sinema asiweze tena kunasuka, na zote nimezipenda. Ila hazimwambii kijana jambo moja, na kwa kijana wa hapa tofauti hiyo ina uzito kuliko lugha au urefu wa filamu.

Kipimo changu mimi ni kesho yake asubuhi. Kijana ameangalia, amecheka, amelia, amekwenda kulala. Akiamka, filamu imemwachia nini cha kufanya kwa mikono yake? Mapenzi ya sinema yasiyomfikisha mtu kwenye kutengeneza hubaki kuwa mazoea ya kutazama, na kutazama vijana wetu wanakujua tayari, simu zimejaa.

Nianze na iliyo mashuhuri kuliko zote. Giuseppe Tornatore, mwenyeji wa Sicilia, aliitoa Cinema Paradiso mwaka 1988. Mwaka uliofuata ilipata tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kisha ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mtoto anaitwa Salvatore, kwa mkato Toto. Baba yake amekwenda vitani Urusi na hakurudi. Toto anajibanza katika chumba cha projekta cha Alfredo, mzee asiye na mtoto, na humo ndimo anamopata malezi. Kabla watu hawajaonyeshwa filamu, padri wa kijiji huiangalia peke yake, na kila wahusika wakipigana busu hutikisa kengele ili Alfredo akikate kipande hicho. Watu wa pwani huicheka sehemu hii kicheko cha kuijua. Nani hapa hajakaa sebuleni na wazee, rimoti iko karibu, kila mtu akiombea onyesho lipite upesi?

Kuna dakika chache katika filamu hiyo ambazo kwangu ni miongoni mwa nzuri kabisa zilizowahi kutengenezwa kuhusu sinema. Ukumbi umejaa, watu wamefungiwa nje uwanjani wananung'unika. Alfredo anageuza kioo mbele ya projekta, picha inatambaa ukutani mwa chumba, inatoka dirishani, inakwenda kutua juu ya nyumba iliyo ng'ambo ya uwanja. Ukiionyesha nje, juu ya ukuta wa nyumba ya mtu, watazamaji wako wataona kwamba wanachokifanya usiku huo kilishafanywa na wengine kabla yao. Furaha hiyo haidumu. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto haraka na kuwaka kwa kasi, na usiku huo huo chumba kinawaka na Alfredo anapoteza macho.

Baadaye Toto amekua, na Alfredo kipofu anamwambia aondoke kijijini na asirudi, asiwakumbuke, asiandike barua. Toto anatii. Anakuwa mwongozaji mkubwa Roma, na anaporudi baada ya miaka 30 ni kwa ajili ya mazishi, huku ukumbi ule ukibomolewa ili yapatikane maegesho ya magari. Muziki wa Ennio Morricone unaifanya kazi iliyobaki. Unalia, nami nimelia.

Lakini machozi hayo ni ya nani? Ni ya mtu mzima aliyeacha kitu nyuma yake. Kijana wa miaka 16 wa Kisumu Ndogo au Muyeye, mitaa ya hapa kwetu, bado hajaacha chochote. Na shauri la Alfredo, la kwamba anayetaka kuwa mtu ahame, vijana wa Malindi hawahitaji kuletewa kutoka Sicilia. Wanalisikia kila siku: nenda Mombasa, nenda Nairobi, nenda Ghuba, mpate Mtaliano akupeleke kwao. Filamu inayowaambia kwamba sanaa iko mahali pengine, na kwamba kijiji ni cha kukumbukwa tu, inarudia wimbo wanaoujua, tena kwa sauti tamu sana. Ndiyo maana, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, siiweki mbele.

Chhello Show, ambayo nje ya India inajulikana zaidi kwa jina la Last Film Show, ilitoka mwaka 2021. Mwongozaji ni Pan Nalin, na hadithi ameitoa katika utoto wake mwenyewe huko Gujarat. India iliipeleka Oscar kama filamu yake ya mwaka, ikafika kwenye orodha fupi ya filamu bora ya kimataifa. Mtoto hapa ni Samay, ana miaka 9, na baba yake anauza chai kwenye stesheni ya treni katika kijiji cha Chalala. Baba haoni heshima katika sinema. Siku anayoipeleka familia ukumbini ni kwa sababu filamu yenyewe ni ya dini, na anaonya kwamba hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho.

Hapa Malindi Gujarat si nchi ngeni. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi karne nyingi, na rubani aliyemvusha Vasco da Gama kutoka bandari yetu hadi Calicut mwaka 1498, waandishi wa Kireno walimtaja kuwa Mgujarati. Kwa hiyo watazamaji wetu wanapomwona mama yake Samay akipika, hawahitaji kuelezwa. Na chakula ndicho ufunguo wa hadithi yote. Samay hana pesa ya tiketi, ametolewa ukumbini kwa kuingia bila kulipa. Fazal, mwendesha projekta, anaonja chakula ambacho mtoto amefungiwa na mama yake, na mapatano yanafanyika: chakula kwa Fazal, kiti ndani ya chumba cha projekta kwa Samay.

Ukizilinganisha hizi mbili kwa makini, zinafanana mno kwa nje: mtoto, mtu mzima, chumba chenye joto, tundu la kuchungulia. Tofauti iko kwa mtoto. Toto huokota vipande vya mkanda akavihifadhi kwenye kopo, akavitazama kama mali. Samay akishika mkanda anataka kujua mwanga unapitaje. Anauweka mkono katikati ya miale. Anakusanya vioo vya rangi. Anapanga picha za viberiti na kuwasimulia wenzake hadithi isiyokuwepo. Kisha yeye na rafiki zake wanakwenda kwenye jengo lililotelekezwa, wanaunganisha vyuma walivyookota, wanatengeneza mashine ya kuonyeshea, na kwa kuwa haitoi sauti, sauti wanazitoa wao wenyewe. Toto alirithishwa projekta, Samay aliiunda.

Kwa kikundi kinachojifunza, hili ni jambo la thamani kubwa, kwa sababu sinema inaacha kuwa miujiza na kuwa kazi. Mkanda wa kawaida hupita mbele ya taa picha 24 kwa sekunde. Kila picha inaposogezwa kuiachia nafasi inayofuata, kifuniko huziba mwanga, la sivyo ungeona ukungu tu. Maana yake ni kwamba watu ukumbini hukaa sehemu kubwa ya muda wao gizani kabisa bila kujua, na ni macho na akili zao zinazoshona zile picha ziwe mwendo. Mweleze kijana hivyo, kisha mfungie katika chumba chenye giza totoro, toboa tundu dogo kwenye kipande cha boksi kilichoziba dirisha linalotazama barabara yenye jua. Barabara nzima, pikipiki na tuktuk na watu, itatokea ukutani ikiwa miguu juu. Hakuna projekta, hakuna umeme. Vijana wakishaiona barabara yao wenyewe imegeuzwa hivyo, kamera ya simu wataishika kwa adabu nyingine.

Inayo kasoro zake, na sitazificha. Nalin anaupenda mwanga kiasi kwamba wakati mwingine anasahau kutembeza hadithi. Kuna dakika ndefu ambazo mtoto wa miaka 10 ataanza kumchokoza jirani yake. Mikanda ile watoto wanaiiba stesheni, na mzazi aliyeketi nyuma atataka kusikia wewe unasema nini kuhusu wizi huo. Jiandae, kwa sababu ni swali la haki. Na mwisho wake, baada ya mitambo ya dijitali kuingia mwaka 2010, projekta zinayeyushwa ziwe vijiko, mikanda inayeyushwa iwe bangili za wanawake. Sehemu hiyo inaumiza kwa kweli, na inafundisha, lakini baada yake Samay naye anapanda treni. Kwa mara nyingine, anayependa sinema anaondoka.

Ndipo ninapofika kwa Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kutoka mwaka 2018. Ilianzia tamasha la Berlin, sehemu ya watoto, na majaji watoto waliitaja kwa heshima; mwaka huo huo Kenya ikaichagua kwenda Oscar. Jo, aliyechezwa na Stycie Waweru, ana miaka 9 na ana ugonjwa usio na tiba. Anapenda filamu za mapigano na za mashujaa wanaoruka. Mama yake anamtoa hospitalini amrudishe nyumbani, siku zake zilizobaki azimalizie kwao. Kijiji chenyewe kinaitwa Maweni. Malindi tuna mtaa wa Maweni, kwa hiyo jina hilo likitajwa tegemea kelele.

Ugomvi wa hadithi uko baina ya watu wawili wanaompenda Jo. Mama anataka mtoto akae ndani, apumzike, asiumie. Dada yake, Mwix, anaona kwamba kumfungia ni kumwua kabla ya siku yake, anaanza kumwaminisha kwamba nguvu anazoziota anazo kweli, na pole pole kijiji kizima kinaingia katika siri hiyo hadi kukata shauri la kumtengenezea Jo filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Mwisho sitausema.

Tazama kilichogeuka. Katika Cinema Paradiso kijiji ni watazamaji. Katika Chhello Show ni watoto wachache wanaojificha na mashine yao, wakubwa wako upande wa pili. Katika Supa Modo wanaotengeneza ni majirani: watu wazima wasio na ujuzi wa kuigiza, mwenye banda la kuonyeshea sinema, watoto wa mtaani. Hakuna anayepanda treni ili awe msanii. Filamu inatengenezwa pale pale, kwa mtu anayejulikana jina, na kwa sababu ambayo kila mtu anaielewa. Kwa kipimo changu cha kesho asubuhi, hakuna inayoikaribia. Kijana akiamka ana jirani, ana simu, ana bibi anayeweza kuigiza vizuri kuliko yeye. Swali analobaki nalo ni moja tu: namtengenezea nani?

Hilo swali ndilo ninalolitaka kwenye kikundi cha vijana. Wengi huanza kwa kutaka kujulikana. Supa Modo inawaonyesha njia nyingine ya kuanza, ya kumtazama mtu mmoja kwa makini hadi ukajua ndoto yake ina sura gani.

Sasa yale ya kawaida, ambayo huamua mambo kuliko tunavyokiri. Malindi jua huzama karibu wakati mmoja mwaka mzima, kwa hiyo baada ya Isha, saa mbili, ukuta uko tayari. Supa Modo ina dakika 74. Saa tatu na robo imekwisha, watoto wanarudi nyumbani na muda wa kuzungumza umebaki. Chhello Show ni kama dakika 110. Cinema Paradiso ina matoleo zaidi ya moja na hapa uwe mwangalifu sana. Toleo lililozunguka duniani lina dakika 124. La kwanza la Italia lilikuwa na dakika 155. Mwaka 2002 likatolewa refu la mwongozaji, dakika 173, ambalo litakufikisha karibu saa tano usiku na lina mambo ya mapenzi usiyoyataka mbele ya wazazi. Hata lile fupi lina vituko vya vijana ukumbini, na mwisho wake ni mabusu mfululizo; uliangalie lote mwenyewe kwanza.

Mama mmoja wa Barani aliwahi kuuliza kabla ya onyesho, "Mwalimu, picha hiyo naweza kuketi nayo na wanangu wote?" Kwa Supa Modo jibu ni, "Naam, mama, ketini nyote." Chhello Show pia, ukishasema neno kuhusu wizi. Cinema Paradiso siwezi kumjibu hivyo.

Lugha nayo. Supa Modo kwa sehemu kubwa ni Kiswahili, na Kikuyu na Kiingereza ndani yake, kwa hiyo hata asiyesoma maandishi ya chini haachwi nyuma. Chhello Show ni Kigujarati. Usiwategemee watoto kusoma Kiingereza mbio mbio. Weka mtu mwenye kipaza sauti awafasirie, kama DJ Afro alivyowazoesha Wakenya kutafsiriwa filamu kwa maneno ya mtaani, ila mwambie anyamaze pale picha inapozungumza yenyewe. Filamu hii inavumilia sauti ya pembeni vizuri, maana watoto wake wenyewe huwekea filamu sauti. Cinema Paradiso ni Kiitaliano, na hapa Malindi ina bahati ambayo huipati Kisumu wala Eldoret: kuna vijana wa hotelini na ufukweni watakaoifuata bila msaada, na kuna wazee wa Kiitaliano mjini ambao wangeketi mkekani pamoja nao kwa furaha.

Upepo usiusahau. Miezi ya kusi, hasa katikati ya mwaka, shuka jeupe hupepea kama tanga na nyuso za waigizaji zinapinda. Tumia ukuta uliopakwa chokaa. Chhello Show, yenye rangi nyingi na giza nyingi, ndiyo inayoteseka zaidi kwa projekta dhaifu. Supa Modo inastahimili.

Kuna tahadhari moja kuhusu Supa Modo, nayo ni nzito. Ni filamu ya mtoto anayekufa. Kama katika kikundi chako kuna nyumba iliyozika mtoto karibuni, au kijana anayemuuguza nduguye, usiionyeshe kwa mshtukizo. Zungumza na familia kabla. Wengine watasema wanaitaka kwa sababu hiyo hiyo, wengine watakuomba usubiri, na ukisubiri onyesha Chhello Show bila majuto.

Kuna wanaopendekeza The Fabelmans ya Steven Spielberg, ya mwaka 2022. Nzuri, lakini dakika 151 za ndoa ya watu wazima inayovunjika ni nyingi kwa usiku wa mkekani. Nairobi Half Life ya 2012 inaanza na kijana anayeuza filamu na kuziigiza mitaani, na sehemu hiyo ningependa kila mwanafunzi wangu aione. Kisha inaingia kwenye ujambazi na damu, na hiyo ni ya wakubwa.

Kwa hiyo kwa kikundi cha mchanganyiko, wadogo kwa wakubwa, mama na bibi wakiwa nyuma, chagua Supa Modo. Kwa kikundi kidogo cha vijana kumi hivi ambao tayari wanapiga picha na kuhariri kwa simu, na ambao kesho yake mtakuwa pamoja mchana kutwa, chagua Chhello Show, na lile tundu la dirishani lifanyeni kabla jua halijapanda juu. Na kama walio mbele yako wamevuka miaka 20, wanakijua Kiitaliano cha kazini, na angalau mmoja wao amekwisha kutengeneza kitu chake akakionyesha kwa watu, hapo Cinema Paradiso ipeni usiku wake, lile toleo la dakika 124. Baada ya filamu waulizeni kama Alfredo alimshauri Toto vyema, mwachie kila mmoja ajibu kwa zamu. Mimi nasema alikosea, na nimewahi kupingwa hadi saa sita usiku.

Yoyote mtakayoichagua, ombeni ruhusa kwa wenye haki ya filamu na mfuate utaratibu wa bodi ya kuainisha filamu mapema, wiki kadhaa kabla, si siku ya projekta.